Panzi na Asante Mama

Nyasho, Musoma
14 Juni 1986

Shemeji Danford,

"Gari lisiloweza kubeba gunia moja la pamba si gari, ni kiatu." Maneno hayo ni yako. Uliyasema kwenye ubatizo wa mtoto wa kaka yako Enoka, mbele ya padri na mbele ya sinia la wali, na watu wakacheka. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na mnofu mdomoni. Sasa nimeshameza.

Dada yako Miriamu anasoma begani kwangu na anasema barua haianzi kwa vita. Basi: hatujambo. Sabuni imeonekana dukani wiki iliyopita kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, vipande viwili kila nyumba, na Miriamu amefua hata vitu visivyochafuka. Mwanetu mkubwa amefaulu mtihani wa nusu mwaka, mdogo amefaulu kupanda mti wa jirani na kushindwa kushuka. Mjulie hali Mama huko Butiama ukipita, tumesikia macho yanamsumbua zaidi.

Sasa kiatu. Gari langu, ambalo Nyasho nzima inaliita Panzi kwa ukijani wake na ufupi wake, lilitengenezwa Uingereza mwaka 1962. Nililinunua mwaka 1968 kwa injinia wa kinu cha pamba aliyekuwa anarudi kwao. Lina viti viwili, turubai juu, na uzito usiofika kilo mia saba. Pikapu yako ya Kijapani, ya mwaka jana tu, ina kilo elfu moja na mia tatu, na kila uingiapo Musoma nakuona umekaa humo peke yako, kiwiko nje ya dirisha. Mzigo mkubwa unaobebwa na pikapu yako ni pikapu yenyewe. Nani amevaa kiatu hapo?

Halafu kuna ufundi. Gasketi za Panzi, zile za kuziba injini isivuje, hukatwa kwa majalada ya madaftari. Mwaka 1981, breki zilipokosa mafuta yake, fundi Felisian alitia maji ya sabuni, na sabuni yenyewe tuliiomba kwa masista. Gari hilo limevipita vita, limeipita njaa, limeipita miaka ya kukatazwa kuendesha Jumapili mchana ili kuokoa petroli. Nchi hii imeumizwa sana na watu wanaodhani kikubwa na kipya ndiyo maendeleo. Nenda ukahesabu matrekta yaliyolala nyuma ya maghala, kisha uje tubishane.

Hata hivyo mabati ya kanisa uliyabeba wewe, na kwa hilo nakushukuru. Mimi nikishukuru nashukuru, nikipinga napinga.

Shemeji yako,
Stanislausi


Bunda
6 Julai 1986

Shemeji Mwalimu Stanislausi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, mke wangu Penina naye mzima, anasema mtoto wa juu ya mti mmuache, atashuka akisikia njaa. Pamba imeanza kutoka na mizani inafanya kazi, ingawa foleni yake inafika mpaka barabarani. Sangara wanapatikana Kibara kuliko miaka yote, wakubwa wengine wanafika kiunoni kwa mtu mzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mbele ya wapakiaji wangu. Wamesema ungekuwa mwanasheria ungeshinda kesi zote ukamaliza wateja.

Mimi sina hoja za vitabu, nina safari. Wiki iliyopita nilichukua watu kumi na wanne na jeneza moja kutoka hapa mpaka Nyamuswa, na hakuna aliyelipa wala aliyeombwa kulipa. Mwezi wa tano nilibeba wanakwaya. Panzi wako angebeba kitabu cha nyimbo.

Na nikuulize jambo moja. Huyo Panzi ana viti viwili vinavyobanana, ukibadilisha gia mkono wako unagusa goti la jirani. Mama yangu ni mkwe wako. Tangu umuoe dada yangu hujawahi kumpa mkono, hujala naye, na mkikutana njiani wewe unageukia mahindi na yeye anajifunika kanga. Siku Mama akihitaji gari, utamweka wapi? Kwenye pikapu anakaa mbele na mimi mwanawe, na wewe ukitaka unakaa nyuma kwenye bodi na mbuzi, adabu imetunzwa.

Ujue pia kwamba mlango wa nyuma nimeuandika ASANTE MAMA. Unajua kwa nini. Ng'ombe walioligeuza wazo langu kuwa pikapu walikuwa wake, na hakuniuliza hata mara moja watarudi lini. Ila mwenyewe hajayaona hayo maandishi. Amefika amelipapasa gari lote kwa mikono, akauliza ni rangi gani. Nikamwambia nyekundu. Akasema, ninaona kitu cheusi.

Wasalimie wote,
Danford


Nyasho, Musoma
30 Agosti 1986

Shemeji,

Hatujambo. Mtoto alishuka mtini kwa njaa, mwambie Penina ameshinda. Mimi nimeandika tena gazetini kuhusu haki za wanawake kazini, wamenikatia aya mbili zilizokuwa bora kuliko zote.

Kuhusu ukwe, nakiri hapo umenikamata, na sikamatwi mara nyingi. Hoja yako ya jeneza nayo ni nzito. Nitazijibu siku nyingine, kwa sababu leo nina jambo.

Madaktari wa macho wanakuja Musoma. Watakuwa hospitali wiki ya tarehe 10 Novemba, na wanaandikisha wagonjwa siku mbili za mwanzo tu, Jumatatu na Jumanne. Baada ya hapo, mpaka mwaka ujao. Nimeeleza hali ya Mama kwa nesi wao, anasema inaelekea ni mtoto wa jicho, na kwamba huondolewa kwa muda mfupi. Anasema pia kwamba watu wa umri wake wasisubiri.

Mabasi unayajua. Enoka hana hata baiskeli. Kwa hiyo ni wewe. Mlete Mama Jumapili tarehe 9. Hatalala kwangu, maana haiwezekani alale kwa mkwewe. Mama Ursula, yule mjane wa nyumba ya pili, ameshamwandalia chumba. Nijibu kwa uhakika.

Stanislausi


Kibara
21 Septemba 1986

Shemeji,

Salamu. Wazima wote. Ziwa limetulia na dagaa ni wengi. Naandika kutoka Kibara kwa sababu pikapu iko kazini huku.

Tarehe 9 nimeiona. Mama atafika.

Penina anawasalimu.
Danford


Nyasho, Musoma
3 Novemba 1986

Shemeji Danford,

Hatujambo, nasi tunatumaini hamjambo. Mvua zimeanza. Dada yako amepanda mihogo.

Jana Pelagia, yule muuza dagaa, alikuja sokoni kutoka Kibara, tukasalimiana kwa kirefu. Amenipa habari za huko. Ziwa, bei, nani ameoa, gari la nani liko wapi.

Sikuulizi kitu. Nimebishana na wewe miaka kumi na nane, na hujawahi kuniandikia barua ya mistari mitano isiyo na mzaha. Kama kuna neno unataka kuniambia, liandike, na umpe kondakta wa basi huyu huyu aliyekuletea hii. Nasubiri hadi Alhamisi.

Shemeji yako asiyekucheka,
Stanislausi


Kibara
7 Novemba 1986

Shemeji Mwalimu,

Barua yako imenifikia leo Ijumaa, basi lilikwama siku tatu kwenye tope. Sijui hii itakufikia lini, lakini naandika.

Pikapu iko juu ya mawe tangu tarehe 4 Septemba. Imeandikwa tani moja. Mimi nilipakia sangara, juu yake dagaa, juu yake watu, nilikuwaga nafanya hivyo kila wiki na inakubali. Siku hiyo kwenye lile korongo kabla ya mji springi zote mbili za nyuma zilikatika na ekseli ikapinda. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Spea hakuna, Bunda hakuna, Mwanza wanasema gari hili ni jipya mno, spea zake hazijafika nchini. Ucheke hapo, nimekuruhusu.

Sikukwambia, kwa sababu kila siku nilidhani kesho itapona. Pia niliona aibu. Yule ni ng'ombe wa Mama amelala pale barabarani, na mlango wa nyuma umeandikwa vile, watu wanapita wanasoma.

Nimeulizia lori, nimeulizia mtumbwi. Sijapata. Najua wewe una petroli uliyoweka ya Krismasi, na najua huwezi kukaa naye bega kwa bega. Sikuombi uvunje hilo. Sijui nikuombe nini.

Usimwambie Mama kuhusu gari.

Danford


Nyasho, Musoma
23 Novemba 1986

Shemeji mpendwa,

Mama anaona.

Nimeanza na hilo, na safari hii Miriamu hajanikataza. Jicho la kulia walilifanyia upasuaji Jumanne tarehe 11, la kushoto watalifanya mwakani. Anahesabu vidole, anachagua mchele mwenyewe, amemwambia Mama Ursula kwamba pazia lake lina tundu. Barua yako ya tarehe 7 imefika juzi, tarehe 21, mambo yakiwa yamekwisha. Sasa nikusimulie, na nisijipendelee.

Pelagia alinieleza yote kuhusu pikapu siku ile ile. Nikaingia ndani, nikamwambia Miriamu kwamba petroli ninayo, gari ninalo, njia naijua, na Mama yuko kilomita arobaini na tano tu, lakini mimi ndiye mtu mmoja katika mkoa huu nisiyeweza kumleta. Nilizungumza kwa muda mrefu, nikiilaumu serikali, waagizaji wa magari, na mila. Dada yako alikuwa anapepeta mtama. Aliniacha nimalize.

Kisha akasema, "Nifundishe mimi. Mimi ni mwanawe, si mkwe."

Nikamwambia klachi ya Panzi ni dhaifu, haitaki miguu mingi. Danford, nimemwambia hivyo kwa miaka kumi na nane, kila alipoomba. Akaweka ungo chini. Akasema, "Ule ukurasa wa gazeti nimeutunza. Umeandika mwanamke anaweza kuendesha hata mtambo. Mimi nilikuwaga najiuliza, huyo mwanamke anakaa mji gani?"

Nimebishana na wakubwa wa elimu na sijawahi kunyamaza. Siku hiyo nilikwenda kuutafuta ufunguo.

Tukaanza Jumanne jioni, uwanja wa mpira wa shule, jioni tano mfululizo. Wanafunzi wangu walijaa kwenye magoli. Siku ya kwanza alimzima Panzi mara kumi na moja. Siku ya tatu hakumzima kabisa. Siku ya nne aliniambia nishuke, kwa sababu napumua kwa kelele. Nilisubiri jibu lako Alhamisi, halikuja.

Jumapili tarehe 9 tukaondoka alfajiri, yeye kwenye usukani. Nilikwenda naye mpaka njia panda ya Butiama, hapo nikashuka na debe la maji ya injini, kwa sababu viti ni viwili na changu kilikuwa cha Mama. Nilikaa juu ya jiwe, saa mbili na nusu nzima. Nilikuwa na gazeti, sikulisoma. Kisha nikasikia sauti ninayoijua kuliko ya wanangu, ikipanda kilima kwa gia ya pili. Nikasimama, nikageukia shamba la pamba kama inavyopasa. Kwa nyuma nikasikia Panzi anapita. Hakusimama. Mimi mwenyewe nilimfundisha: ukiwa mlimani, usisimame kwa yeyote.

Nikabaki na debe langu. Na sasa ujiandae kufurahi: aliyenirudisha mjini ni pikapu ya parokia, ya mwaka huu, ya Kijapani kama yako. Nilikaa kwenye bodi, katikati ya katekista na mbuzi, mvua ikininyea, kilomita zaidi ya thelathini. Hawakunijua, hawakuniuliza jina, walisogea tu wakanipa nafasi. Panzi hasogei kumpa mtu nafasi, hana pa kusogea. Hoja yako ya jeneza na watu kumi na wanne nimeijibu: umeshinda. Ya gunia bado, tutaonana.

Siku bandeji ilipotolewa, Mama alipelekwa na Miriamu kwenye ua wa Mama Ursula, na mimi nilikuwa upande wangu wa uzio wa mabua. Akamuona Panzi. Miriamu anasema alimzunguka mara mbili. Akasema, "Hiki ndicho kilichonileta? Kwa kelele zile nilidhani ni treni."

Kisha akasema kwa sauti ya kunifikia, kama vile haniambii mimi, "Mwambieni mwenye gari, nashukuru."

Nikasema, nikiutazama ukuta wa nyumba yangu, "Mwambieni Mama, mwenye gari ni mwanawe Miriamu. Anashukuru na yeye."

Sikulipanga neno hilo. Lilitoka, na sitalirudisha.

Kuhusu pikapu, Mama hajaambiwa. Anadhani umezuiwa na mvua. Fundi Felisian amepanda basi leo kuja Kibara. Anasema springi za lori bovu zikikatwa na kupigwa moto zitakaa. Mtu aliyemweka Panzi hai miaka kumi na nane kwa jalada la daftari hawezi kushindwa na kitu cha mwaka jana. Mpe chakula kizuri, usimpe ushauri.

Sikucheki.

Stanislausi


Bunda
7 Desemba 1986

Shemeji Mwalimu, na Dada Miriamu pia, najua unasoma begani,

Salamu. Penina amejifungua Jumatano, mtoto wa kike, wote wazima. Tumempa jina Wankyo, jina la Mama.

Shemeji, nilikaa na barua yako kando ya korongo lile lile, na wapakiaji wakaniuliza nani amekufa. Nikawaambia hakuna, kuna mtu ameona.

Felisian alifanya kazi siku tano. Sikumpa ushauri. Springi zimekaa, ingawa gari sasa limeinuka nyuma kama kuku anayetaga. Nimepaka mstari ndani ya bodi, mzigo hauvuki hapo. Mambo ya shukrani siwezi kuyaandika kama wewe, kwa hiyo nasema tu: mlimfikisha Mama yangu mimi nikiwa nimekaa juu ya mawe. Sitasahau.

Alhamisi nilikuja Nyasho kumchukua kumrudisha Butiama, wewe ulikuwa shuleni. Nilimwambia mwenyewe kuhusu springi, kabla hajapanda. Akaitazama pikapu kwa jicho lake moja. Akasema kumbe kweli ni nyekundu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya mwaka mzima.

Kisha akazunguka nyuma, akauliza maandishi yanasema nini. Nikamsomea, nikimwekea kidole chake kwenye kila neno. Alifurahi, nilimwona. Halafu akauliza, "Na dada yako, yeye ameandikwa wapi?"

Nimesafiri na swali hilo mpaka Butiama na kurudi. Nimemtafuta mchoraji. Niandike nini? Wewe ndiye mtu wa maneno.

Danford


Nyasho, Musoma
13 Desemba 1986

Shemeji Danford, na wewe Enoka, ambaye najua utasomewa barua hii,

Karibu duniani Wankyo mdogo. Tumefurahi mpaka jirani wakaja kuuliza. Miriamu ameshashona nguo mbili kwa kitambaa cha pazia, sasa pazia letu nalo lina tundu.

Unauliza uandike nini. Usiandike kitu. Mimi nimeandika miaka ishirini, kwenye gazeti la taifa, na katika nyumba yangu mwenyewe hakuna aliyepata usukani kwa maandishi hayo. Mlipe mchoraji usumbufu wake umwache aende.

Mama ana jicho la pili mwakani. Tarehe hatuijui, mvua hatuijui, na springi zako za lori mimi siziamini hivyo. Panzi mwakani ana miaka ishirini na mitano. Siku hiyo ikifika, katika familia hii kuwe na zaidi ya mwanamke mmoja anayeweza kukaa karibu na Mama na kuliendesha gari lolote litakalowaka. Miriamu amemaliza dogo. Penina hajaanza, na mke wa Enoka hajaanza, ingawa nyinyi wawili mna midomo ya kusifu dada yenu.

Kwa hiyo nawadai hivi. Jumamosi ijayo, tarehe 20, saa mbili asubuhi, uwanja wa mpira wa shule. Leteni pikapu, tupu, na dizeli ya kutosha. Leteni wake zenu, na mtoto mchanga atashikwa na mimi. Danford, ukifika simamisha gari, shuka, mpe Miriamu ufunguo, mwalimu ni yeye.

Kisha wewe na Enoka mkakae nyuma, kwenye bodi, na msipumue kwa kelele.

Stanislausi